Chai ya Kumlaza Baba Mkwe

Nilipotaka kuoa, kilichonizuia hakikuwa ng'ombe, wala kabila, wala dini. Kilichonizuia ni usingizi, tena usingizi wa mtu mwingine.

Nilikuwa kijana wa Mundika, Mluhya, mwenye suruali mbili na maringo ya mtu mwenye duka la nguo. Uhuru ulikuwa bado unanukia upya, nami nilikuwa karani katika stoo ya kununua pamba kule Malaba, karibu na reli. Kazi yangu ilikuwa kutia mkono kwenye magunia ya wakulima na kutangaza: hii safi, hii fifi, yaani pamba mbovu. Hakuna kazi bora kuliko hiyo kama unatafuta maadui. Siku moja msichana wa Kiteso akaleta gunia lao, nikatia mkono, nikasema fifi. Akanitazama kuanzia viatu hadi kitana nilichokuwa nimechomeka nyweleni.

"Fifi ni wewe," akasema.

Sikupata raha tena. Alipokuja mara nyingine nilimsalimia kwa adabu nyingi mpaka mtu wa mizani akaanza kukohoa. Sitaeleza yote yaliyofuata, maana wajukuu wangu wanajua kusoma. Itoshe kusema kwamba kabla mavuno ya pamba hayajaisha tulikuwa tumekubaliana, na nikamwambia nitatuma wazee wa kwetu waje kwao kumposa.

"Usilete wazee sasa," akaniambia. "Baba halali."

"Halali nini?"

"Halali usingizi. Anakaa tu macho. Na akikaa macho, anakuwa mkali kama pilipili."

Baba yake alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi. Ndiye aliyekuwa akivuta chuma cha kubadilishia treni njia, na zamu zake nyingi zilikuwa za usiku. Sasa alikuwa amestaafu, na mwenyewe alisema reli ndiyo iliyomharibu, kwamba mwili wake bado unangoja treni. Basi hakulala usiku, na mchana pia hakulala. Alikuwa amegombana na katekista kwa sababu ya kengele. Alikuwa amemchinja jogoo wake mwenyewe kwa kosa la kuwika. Lakini kisa kilichonitia baridi ni cha wazee wa Kocholia. Hao walikuja kumposea kijana wao msichana huyo huyo, wakakaribishwa vizuri, kisha mmoja wao akapiga miayo. Mzee akasema mtu anayepiga miayo mbele ya mwenye kukosa usingizi anamtukana. Akawaambia hapana, na wakarudi kwao na jogoo waliyemleta.

Na hapana yake haikuwa ya mchezo. Ikishasemwa mbele ya wazee wa pande mbili, haina miguu ya kurudi. Kwa hiyo hesabu yangu ikawa rahisi: mzee alale kwanza, aamke na roho nzuri, ndipo wazee wangu wafike. Akiwakuta hajalala, nimemkosa msichana maisha yangu yote.

Nikaanza kutafuta majani ya usingizi.

Mpaka hapo mimi nilijua chai moja tu, ile ya maziwa inayochemshwa mpaka kijiko kinasimama. Lakini ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, kulikuwa na mama aliyeuza majani ya kila aina chini ya kibanda cha majani makavu ya mgomba. Nilimweleza shida yangu, akacheka kwanza, kisha akanipa mujaja, kile kivumbasi ambacho Waganda hunywa kama chai. Nikarudi kwangu, nikakichemsha kama nilivyozoea kuchemsha chai, nikapata maji meusi yaliyonuka kama ndoo ya kunyweshea ng'ombe. Nikarudi kumlaumu.

"Sebo," akaniuliza, kama Waganda wanavyomwita bwana, "wewe unapika chai ama unafua nguo?"

Akanifundisha. Maji yachemke kwanza, peke yake. Yaondolewe motoni. Majani yaoshwe, yafikichwe kidogo mkononi, yatiwe, kisha funika na uache. "Usifunue-funue," akasema. "Hiyo harufu ndiyo dawa. Ukifunua, mwenye analala ni jirani."

Nilibishana naye, maana mimi ni mbishi hata kwa jambo nisilolijua, lakini nilipofuata maneno yake nikapata kikombe cha rangi ya asali chenye harufu ya kumfanya mtu akae chini. Basi nikaingia wazimu wa chai. Nikajaribu mchaichai, ambao unanukia vizuri kuliko unavyofanya kazi. Niliamka mara nyingi, ila kila mara nikiwa na furaha. Nikajaribu majani ya mparachichi, na siwezi kueleza ladha yake kwa mtu ambaye hajawahi kulamba mlango. Nikajaribu majani ya mlimau, nikaona yanafaa yakiwa machache. Mwishowe nikachanganya mchaichai, mujaja na majani ya mlimau, pamoja na asali kijiko kimoja. Nikanywa siku moja ya Jumapili, saa sita ya mchana, nikaamka watu wakitoka ibada ya jioni.

Lakini usingizi wa karani si kipimo, karani hulala hata akiandika. Nilihitaji mtu mgumu. Nikamwalika dereva wa lori la pamba, bonge la mtu aliyejigamba kwamba hakuna kitu cha kumlaza ila mwanamke na malaria. Nikampa birika zima baada ya ugali wa mchana. Akaenda kukagua mzigo wake, akajinyoosha juu ya magunia "kidogo tu," na ikawa ndiyo basi. Wapakiaji hawakumwona. Wakafunika turubai, dereva mwingine akaambiwa apeleke lori kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaenda. Yule wangu aliamka kiwandani, akachungulia, akaona amefika.

Aliporudi alinishika mkono kwa hofu. "Karani, hiyo majani yako ni hatari. Nimeendesha lori nikiwa nimelala, na sijagonga mtu!"

Sikumsahihisha. Dawa ilikuwa imepatikana.

Nilimpa msichana furushi la majani na maelezo yote, hata yale ya kutofunua-funua. Kesho yake akaja stoo uso umekunjamana. Mzee alikuwa ametazama kikombe, akatazama majani, akasema, "Mimi si mbuzi." Akakimwaga.

Na huku kwetu Mundika baba yangu mdogo, aliyekuwa ndiye msemaji wa ukoo, alikuwa amechoka kungoja. Hakuwa mtu wa kuelezwa habari za majani. Alitangaza kwamba Jumamosi alasiri wanakwenda Malaba kuposa, na kwamba kuoa si kufanya mtihani wa shule.

Ndipo msichana akapata wazo lake. Baba yake hakupenda vikombe. Kitu alichokipenda ni ajono, pombe ya wimbi ya Wateso, ambayo haimiminwi kikombeni. Chungu huwekwa chini katikati ya watu, maji ya moto humiminwa juu ya kimea, na kila mtu huvuta kwa mrija wake mrefu kutoka kwenye kiti chake. Sasa kuna adabu zake. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Ukiwa unavuta hutumbui macho ndani ya chungu, maana huko ni kama kuchungulia tumbo la mwenyeji. Kupuliza mapovu ni aibu ya kusimuliwa. Na chungu kikishawekwa na mirija ikatiwa, hakiondolewi mbele ya wageni, kwa sababu ni kama kuwaambia waende zao.

Basi akapanga kupika chai yangu kwenye chungu, atie unga wa wimbi uliokaangwa kidogo kuipa rangi, ampe baba yake Jumamosi asubuhi na mrija juu yake. Mzee angekunywa, angelala mpaka alasiri, angeamka mtu mpya, na wazee wangu wangefika. Mpango mzuri sana. Mimi mwenyewe niliusifu.

Jumamosi, baba mdogo na wazee wengine wawili waliamka jogoo la kwanza. Barabarani wakakuta lori linalokwenda Malaba, dereva akawachukua, nami nikiwa nyuma yao nimeshika kofia. Wazee waliotazamiwa alasiri wakafika bomani asubuhi, jua likiwa halijakausha umande.

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa mapema huua mtu. Wanawake walikimbia huku na huku. Shangazi ya msichana, aliyekuja kusaidia, aliingia jikoni, akaona chungu kinachofuka moshi, kina rangi ya wimbi. Kwa Mteso mwenye wageni nje, chungu cha moto chenye wimbi hakina maelezo mengine. Akakibeba mpaka uani, akakiweka katikati ya viti, akatia mirija. Pombe yenyewe ilikuwa imetulia kwenye chungu kingine nyuma ya mlango.

Msichana alitokea na kuni kichwani. Akaona. Akasimama. Ilikuwa imeshachelewa.

Mimi nilikuwa nimekaa kando, karibu na ghala la nafaka, maana mposaji hasemi na hanywi siku hiyo. Kazi yake ni kuonekana kama mtu wa maana. Upepo ukaniletea harufu ya mchaichai.

Mzee alikaa upande wake na majirani wawili, kofia ya zamani ya reli kichwani, macho mekundu. Baba mdogo na wenzake walikaa upande wa pili. Wakavuta. Wakatazamana. Wakavuta tena.

Naweza kuapa kwamba kila aliyekuwa pale alijua ile si pombe. Lakini majirani wa mzee walidhani wanawake wa boma wameiharibu, wakanyamaza wasiwaaibishe mbele ya wageni. Wazee wangu nao walidhani ndivyo ajono ya hapa ilivyo, na mtu haendi kuposa akaanza kukosoa chungu. Baba mdogo, kwa kuzidisha heshima, akaanza kulewa. Alitikisa kichwa, akajipiga paja.

"Eh! Hii kitu ni kali!" akasema. "Mzee, hii ya kwako inashika mtu!"

"Kunyweni," akasema mzee bila kucheka.

Na msichana, kwa kuwa ndiye mwenye kuhudumia, ilimpasa aendelee kuongeza maji ya moto. Aliongeza. Kila alipoinama kumimina alinitazama kwa jicho la kuniambia kwamba tukipona siku hii ataniua yeye mwenyewe.

Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya pamba. Jambo lililowaleta lilikuwa bado halijaguswa, maana adabu inataka lizungukwe kwanza, na walipokuwa wakilizunguka nikaona kope za mzee mmoja wa Mundika zikiteremka. Hawa watu walikuwa wameamka alfajiri, wamepanda lori, wana jua mgongoni na tumbo limejaa maji ya moto. Sijui mpaka leo kama ni majani au ni safari. Najua tu kwamba baba mdogo alitaka kupiga miayo, na alikuwa amesikia habari za Kocholia. Alikaza taya. Pua zikapanuka, machozi yakamtoka, shingo ikavimba. Aliimeza ile miayo mizima mizima, na nadhani ndiyo iliyommaliza, kwa sababu baada ya hapo alilala ameketi wima, mrija mdomoni. Akaanza kukoroma. Chungu kikatoa mapovu.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, majirani wa mzee walikuwa wameegemeana. Mzee wangu wa tatu alikuwa na kidevu kifuani. Na mzee mwenyewe alijinyoosha kwenye kiti chake kirefu, akavuta kofia ya reli ikamfunika uso, akanyoosha miguu. Boma zima likawa linakoroma mchana kweupe.

Nilisimama. Nilijua mzee akiamka akakuta wakwe wakimkoromea kwenye chungu, itakuwa Kocholia mara mia. Lakini kumwamsha baba mdogo ilibidi nipite mbele ya mwenye nyumba, na mposaji hapiti hapo. Nikawa nakwenda hatua na kurudi hatua.

"Wewe kuku," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya ghala. "Huyo mtu anacheza densi gani?"

Nilijua ni mama ya msichana. Kwa Wateso, na kwetu pia, mtu na mama mkwe hawatazamani usoni wala kuongea ana kwa ana. Nikageuka haraka nikaupa uso wangu ukuta wa ghala. Miguuni palikuwa na kuku wa madoadoa akidonoa wimbi. Nikajua maneno yale ni yangu, kwa sababu kuku wa boma lile walisemeshwa Kiteso, na huyu alikuwa amesemeshwa Kiswahili.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama huyo mtu hachezi. Anaogopa."

"Kuku, uliza yeye. Hii majani ilitoka wapi?"

"Kuku, ilitoka kwake."

"Alitaka kuua wazee?"

"Hapana, kuku. Alitaka mzee alale tu."

Nikasikia kicheko kimezibwa na kanga. Kisha yule kuku akaondoka. Alikwenda zake mpaka chini ya mti wa mlimau, akajitia kwenye vumbi, na sisi tukakwama, kila mmoja upande wake, hatuna njia ya kusemezana. Nilikohoa. Mama naye akakohoa. Ikanibidi nichote wimbi kwa mkono na kumbembeleza kwa "kru kru kru" mpaka akarudi. Nilikuwa karani mwenye cheti, na heshima yangu yote imeshikwa na kuku.

"Kuku," mama akasema, na sasa sauti haikuwa ya kucheka. "Mwambie yeye, mzee hakosi usingizi juu ya reli. Reli aliacha kitambo. Alikuwa analala vizuri, analala kama gogo. Usingizi ilimtoka siku ile wale watu wa Kocholia walituma habari kwamba watakuja. Wengine wote wameolewa, amebaki huyu. Anakaa macho anasikiliza kama mtoto bado anapumua kule kwa nyumba yake."

Nikamrushia kuku wimbi zaidi, asiondoke.

"Anasema huko kwa Waluhya mtoto atapotea. Atazaa watoto, watakuja hapa, watamwangalia babu yao kama mtu wa posta. Hawatajua kuongea na yeye. Kuku, uliza huyo kijana. Hao watoto watajua Kiteso?"

Niliona haya kweli kweli. Nilikuwa nimemfanya yule mzee kuwa kufuli la kutafutiwa mafuta. Nilipima majani, nikapima asali, nikamlaza dereva wa watu, na siku zote hizo sikuwahi kuuliza mtu anawaza nini anapokaa macho. Nilimpenda pale pale, amejifunika kofia yake, na nikaogopa zaidi.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama watajua. Hata baba yao atajifunza. Na watakuja hapa mpaka babu yao aombe wapelekwe kwao apumzike."

Kisha, upande wa viti, sauti nzito ikasema:

"Kuku."

Nikaruka. Wengine wote walikuwa wakikoroma. Ilikuwa ile kofia ya reli inayosema.

"Uliza huyo karani. Kwa Kiteso, asante ni nini?"

Ile chai ilikuwa imewalaza watu wa Mundika, imewalaza watu wa Malaba, imemlaza kila mtu isipokuwa yule aliyepikiwa.

"Eyalama," nikasema.

"Anasema kama mtu ana kiazi moto kwa mdomo," kofia ikasema. "Lakini nimesikia. Nimesikia yote. Mwambie apite, aamshe hao watu yake."

Nikapita mbele yake nikiwa nimeinama, nikamtoa baba mdogo mrija mdomoni, nikamtikisa. Alifumbua macho, akaona yuko wapi, na bila kupoteza hata pumzi akapiga kelele, "Kweli hii pombe ni kali!" Kofia ikatikisika kwa kicheko, ila haikuondoka usoni. Wenzake wakaamka, wakajifuta midomo. Baba mdogo akajiweka sawa, akasafisha koo, akaanza maneno yake aliyokuja nayo kutoka Mundika, ya kwamba tumepita njia hii tukaona moto unawaka kwenye boma hili, nasi kwetu kuna baridi. Aliongea vizuri sana kwa mtu aliyetoka kupuliza mapovu. Alipomaliza alingoja, akatazama ile kofia, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Mzee," akasema kwa upole, "sisi tumeamka. Na wewe amka, tuonane."

"Nasikia," akajibu mzee. "Niacheni hivi. Mtu anatoa mtoto wake namna gani, na macho iko wazi?"

Akanyoosha mkono pembeni, kama anayeutafuta ukingo wa kitanda. Msichana akaweka birika chini, akaja akaushika kwa mikono yake yote miwili. Mzee akasema ndiyo akiwa bado amejifunika uso, na hakuna mzee hata mmoja, wa upande wao wala wa upande wetu, aliyemwambia aondoe kofia.